Kujifunza Linux: Mwalimu wa kwanza yumo ndani ya kompyuta yako

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kuchapa barua kama zilivyofanya jana yake. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda.

Mrithi wake, Windows 11, ana masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuyatimiza. Miongoni mwake ni kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, pamoja na prosesa iliyomo katika orodha maalumu ambayo, kwa upande wa Intel, aghalabu huanzia kizazi cha nane. Mashine iliyotengenezwa mwaka 2015, hata iwe nzima na yenye kumbukumbu ya GB 8, huachwa nje ya mlango.

Kwa mwanafunzi wa chuo, mwenye steshenari au ofisi ndogo yenye kompyuta tano zilizonunuliwa zikiwa zimekwishatumika, hilo si jambo dogo. Ama anunue mashine mpya, ama aendelee kwa kubahatisha, ama ahamie mfumo mwingine. Kati ya mifumo hiyo mingine, unaotajwa zaidi ni Linux, ambao hupatikana bila kulipia leseni.

Swali linalofuata huwa moja: nitajifunzia wapi?

Wengi hudhani kuwa mafunzo ya Linux ni adimu. Ukweli ni kinyume chake. Mafunzo ni mengi, yaliyo bora hutolewa bure, na sehemu yake kubwa imo ndani ya mfumo wenyewe. Kinachokosekana ni mpangilio. Asiyejua aanzie wapi huishia kulipia maelezo yanayotolewa bure au, vibaya zaidi, kufuata somo lililopitwa na wakati hadi akapoteza mafaili yake. Makala haya yanaeleza vyanzo vinavyoaminika na utaratibu wa kuvitumia.

Linux ni nini

Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipoandika kiini cha mfumo endeshi na kukitoa kwa umma. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ulioasisiwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983, na kwa pamoja vikawa mfumo kamili.

Mfumo huu ni programu huria. Kila mtu ana haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Falsafa hiyo hiyo ndiyo iliyofanya vitabu na masomo yake mengi yatolewe kwa leseni zinazoruhusu kunakiliwa. Kwa hiyo, anayenakili kitabu cha aina hiyo kwenye flashi ya mwenzake haibi. Anatumia haki aliyopewa na mwandishi.

Kiini na programu zake hufungwa pamoja katika kifurushi ambacho watumiaji hukiita distro. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Fedora mwaka 2003. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za Kibantu za kusini mwa bara letu na ni ndugu wa damu wa neno letu “utu”. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, nayo hutegemea zaidi Ubuntu.

Chagua distro kabla ya kutafuta somo

Kosa la kwanza la mwanagenzi ni kutafuta “mafunzo ya Linux” kwa ujumla. Masomo mengi hufungamana na distro maalumu. Katika Ubuntu, Mint na Debian, programu husakinishwa kwa amri ya “apt”. Katika Fedora hutumika “dnf”. Anayesoma kitabu cha Fedora huku kompyuta yake ina Mint atakwama ukurasa wa pili na kudhani kuwa hana akili, kumbe ameshika kitabu kisicho chake.

Kwa anayeanza, Ubuntu au Linux Mint ni chaguo la busara kwa sababu moja kubwa: masomo yake ni mengi na wanaoweza kumsaidia ni wengi. Ubuntu 24.04 huhitaji kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 25 katika diski. Mint yenye mazingira ya Xfce ni nyepesi zaidi na huweza kufanya kazi kwa GB 2, ingawa GB 4 humpa mtumiaji nafuu.

Namba za matoleo ya Ubuntu si fumbo. Sehemu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, hivyo 24.04 ilitoka Aprili 2024. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutolewa toleo la kudumu lenye alama ya LTS, ambalo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Mwanafunzi na ajifunze kwa toleo la aina hiyo, kwani masomo yake hayatachakaa upesi.

Mwalimu aliyemo ndani ya mashine

Ubuntu huja na programu ya msaada inayofunguka bila intaneti. Humo mna maelezo ya kuunganisha printa, kubadili lugha, kuongeza mtumiaji na kutunza nakala za mafaili. Katika programu nyingi, kitufe cha F1 nacho hufungua maelezo ya programu husika.

Hazina kubwa zaidi imo katika dirisha la amri, lile ambalo wengi huliogopa. Humo kuna kitabu kizima cha maelezo kinachofunguliwa kwa neno “man”. Ukiandika “man cp” utaelezwa namna ya kunakili faili. Ukiandika “man ls” utaelezwa namna ya kuorodhesha yaliyomo katika folda. Kutafuta neno ndani ya ukurasa, bonyeza alama ya mkwaju kisha andika neno hilo. Kutoka, bonyeza herufi q.

Kitabu hicho kimegawanyika katika sehemu nane. Sehemu ya 1 ni ya amri za mtumiaji wa kawaida, ya 5 ni ya miundo ya mafaili ya mipangilio, na ya 8 ni ya amri za msimamizi wa mfumo. Asiyejua jina la amri anayoitaka huandika “apropos” na neno la Kiingereza linalohusu jambo lake, naye huorodheshewa amri zinazokaribiana na haja yake. Aidha, amri nyingi hutoa muhtasari zikifuatiwa na neno “--help”.

Hata hivyo, ni vema kueleza ukweli. Kurasa hizo ni kamusi, si kitabu cha kiada. Hazimfundishi mtu kuanzia mwanzo. Humkumbusha na kumsahihisha. Kwa mafunzo ya hatua kwa hatua, sharti atafute kitabu.

Vitabu visivyo na bei

Kitabu kinachofaa zaidi kwa anayeanza ni “The Linux Command Line” cha William Shotts. Toleo la kuchapishwa huuzwa, lakini mwandishi pia hukitoa bure kwa njia ya PDF katika tovuti yake ya LinuxCommand.org. Kina kurasa zaidi ya 500, huanza na hatua za mtoto na kumfikisha msomaji katika kuandika programu ndogo za kurahisisha kazi zake za kila siku.

Anayetaka kuingia ndani zaidi atakipata “The Debian Administrator’s Handbook” cha Raphaël Hertzog na Roland Mas, nacho ni bure. Kwa kuwa Ubuntu ina asili ya Debian, mengi yaliyomo humo humfaa pia mtumiaji wa Ubuntu, mradi akumbuke kutazama ni toleo gani la Debian linaloelezwa.

Kwa kazi za ofisi, mradi wa LibreOffice hutoa bure miongozo ya programu yake ya kuandikia barua, ya mahesabu na ya maonyesho. Mwenye steshenari asipuuze miongozo hiyo, maana mteja wake hatamuuliza kuhusu kiini cha mfumo; atamuuliza kwa nini jedwali lake limehama ukurasa.

Chanzo kingine ni ArchWiki, hifadhi ya maelezo ya distro ya Arch. Ijapokuwa imeandikwa kwa ajili ya watumiaji wa distro hiyo, watumiaji wa distro nyingine huitegemea pia kwa undani wake. Mgeni aisome kwa ajili ya kuelewa jambo, si kwa kunakili amri zake za kusakinisha programu.

Kozi na vyeti

Wapo wasioweza kujifunza bila ratiba na mitihani. Hao wanaweza kuanza na kozi ya Linux Foundation iitwayo Introduction to Linux, yenye namba LFS101, iliyoanza kutolewa kwa umma kupitia edX mwaka 2014. Kusoma ni bure. Cisco Networking Academy nayo ina kozi fupi ya bure iitwayo Linux Unhatched, inayomwezesha mwanafunzi kujaribu amri ndani ya kivinjari bila kuigusa diski ya kompyuta yake.

Kwa anayetafuta ajira, taasisi ya Linux Professional Institute, iliyoanzishwa mwaka 1999, hutoa cheti cha mwanzo cha Linux Essentials, na juu yake LPIC-1 chenye mitihani miwili, 101 na 102. Mitihani hulipiwa, lakini taasisi hiyo hutoa vitabu vya kujiandalia bila malipo. Anayeombwa ada kwa ajili ya “noti” za mitihani hiyo aangalie kwanza kilichopo bure, kisha aamue kama anacholipia ni mwalimu au ni karatasi tu.

Tazama tarehe kabla ya kufuata somo

Hapa ndipo wengi huumia. Somo lililoandikwa mwaka 2012 kuhusu Ubuntu litakuonyesha mazingira ya Unity, yaliyokuwa ya kawaida kuanzia toleo la 11.04 la mwaka 2011. Oktoba 2017, kwa toleo la 17.10, Ubuntu ilirejea katika mazingira ya GNOME. Anayetafuta leo vitufe vilivyomo katika picha za somo lile atatafuta hadi jua litue.

Vivyo hivyo, masomo ya zamani hufundisha “ifconfig” kwa masuala ya mtandao, ilhali matoleo ya sasa hutumia “ip”. Mwanafunzi na ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika amri yoyote: somo hili liliandikwa lini? Linahusu distro gani na toleo gani? Je, naelewa kila neno lililomo katika amri hii?

Swali la tatu ni la usalama. Amri inayoanza na “sudo” hutekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi, na mfumo hauulizi mara mbili. Amri ya “rm” ikifuatiwa na alama “-rf” hufuta folda na vyote vilivyomo bila kupitia pipa la taka. Usiyoielewa, ifungulie ukurasa wake wa “man” kwanza. Dakika mbili za kusoma ni nafuu kuliko usiku wa kujutia picha za harusi.

Kuuliza si ujinga

Tovuti ya Ask Ubuntu, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina majibu ya maswali mengi ambayo mgeni hukutana nayo. Tafuta kwanza, huenda swali lako limekwishajibiwa.

Ukilazimika kuuliza, iwe huko au kwa fundi wa mtaani, taja mambo manne: toleo la mfumo wako, aina ya kompyuta, ulichokuwa ukikifanya, na maneno kamili ya ujumbe wa kosa. Toleo hupatikana kwa amri ya “lsb_release -a”, na kiasi cha kumbukumbu kwa “free -h”. Anayesema tu kwamba “kompyuta imegoma” hupata majibu ya kubahatisha, na haki yake ni hiyo.

Bila intaneti ya kutosha

Bando ni gharama, na faili la usakinishaji ni zito. Ubuntu 24.04 hukaribia GB 6, ilhali Linux Mint 22 ni chini ya GB 3. Zamani Canonical ilikuwa ikiwatumia watu diski za Ubuntu kwa posta bila malipo, lakini mpango huo ulisitishwa mwaka 2011. Njia iliyobaki ni kupakua mara moja mahali penye mtandao wa uhakika, kama maktaba au chuo, kisha kugawana kwa flashi. Leseni inaruhusu.

Kwa masomo, programu huria ya Kiwix huwezesha kupakua hifadhi nzima ya maarifa na kuisoma bila mtandao. Miongoni mwa hifadhi zinazopatikana ni Ask Ubuntu na Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili. Shule yenye kompyuta kumi inaweza kupakua mara moja na kuzigawia zote.

Kiswahili kiko wapi

Jitihada zilikwishafanyika. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha kuwa lugha yetu inaweza kubeba msamiati wa kompyuta.

Hata hivyo, vitabu na kozi zilizotajwa hapo juu zimeandikwa kwa Kiingereza kwanza. Ushauri wa kivitendo ni mwanafunzi kuwa na daftari lake, na kila amri anayojifunza aieleze humo kwa Kiswahili, kwa sentensi moja na mfano mmoja. Kinachoelezeka kwa lugha ya nyumbani ndicho kilichoeleweka. Baada ya miezi michache, daftari hilo litakuwa somo kwa mdogo wake.

Tahadhari kabla ya kusakinisha

Kwanza, hifadhi mafaili yako katika diski au flashi nyingine. Wakati wa kusakinisha kuna chaguo la kufuta diski yote, na anayelibonyeza hatapata nafasi ya kujuta.

Pili, jaribu bila kusakinisha. Ubuntu na Mint huweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilichomo katika kompyuta. Katika hali hiyo jaribu mtandao usiotumia waya, sauti, kamera na printa. Kisichofanya kazi hapo kitahitaji utafiti kabla hujahama.

Tatu, pakua kutoka tovuti rasmi tu na uhakiki faili kwa amri ya “sha256sum”, ukilinganisha namba utakayopata na ile iliyochapishwa na watengenezaji. Si woga usio na sababu. Februari 20, 2016 wahalifu waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza wapakuaji kwenye faili lililopandikizwa mlango wa siri.  Waliosakinisha faili hilo waliikaribisha hatari ndani.

Nne, orodhesha programu unazozitegemea. Microsoft Office na Photoshop hazina toleo la kusakinishwa katika Linux. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika. Ofisi inayotegemea programu ya uhasibu ya Windows ichunguze kwanza iwapo kuna mbadala, isije ikahama Ijumaa na kushindwa kulipa mishahara Jumatatu.

Ratiba ya wiki nane

Wiki ya kwanza na ya pili, washa Linux kutoka kwenye flashi na uzoee madirisha, folda na mipangilio, ukisoma programu ya msaada. Wiki ya tatu, hifadhi mafaili, sakinisha, kisha fanya kazi zako za kawaida kwa LibreOffice na kivinjari.

Wiki ya nne hadi ya sita, ingia katika dirisha la amri ukiwa na kitabu cha Shotts. Anza na “pwd”, “ls”, “cd”, “cp”, “mv” na “man”. Usiziache mpaka vidole vizizoee. Wiki ya saba, jifunze kusasisha mfumo na kusakinisha programu kwa “apt”. Wiki ya nane, haribu kitu kidogo kwa makusudi katika mashine isiyo na mafaili muhimu, kisha kitengeneze. Baada ya hapo, kozi ya LFS101 itakuwa mwendelezo, si mlima.

Saa moja kwa siku hutosha. Anayeshika distro moja, kitabu kimoja na daftari moja kwa wiki nane atafika mbali kuliko anayeruka kila siku kutoka somo hadi somo.

Kompyuta ya mwaka 2015 inayoachwa nje na Windows 11 bado ina miaka ya kazi mbele yake. Mfumo upo bure, vitabu vipo bure, na mwalimu wa kwanza yumo ndani ya mashine yenyewe. Gharama inayobaki ni muda na subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.